Muulize Bwana Mifugo: Sungura wangu nani wa kumtibu?

SUALI: Assalaamu alaykum mzee wangu. Nna sungura wawili, dume na jike. Mjomba wao watoto aliwaletea kutoka Unguja Idi iliyopita, na wanakaa uani kwenye tundu la mbao. Sasa dume masikio yamejaa magamba kwa ndani, usiku kucha anajikuna na kutikisa kichwa. Nilimwita mtu anayetibu ng'ombe hapa kwetu. Alimnyanyua kwa masikio hayo hayo yanayouma, akamdunga sindano ile ile aliyotoka kumdungia ndama wa jirani, akanambia asipopona nimchinje, kwani si kitoweo? Watoto walilia mpaka usiku. Jirani mmoja kanishauri nimpake oili chafu ya gari, mwengine kasema nimmiminie amoksilini kwenye maji. Mzee wangu, Pemba hii daktari anayewajua sungura nimpate wapi?
Mama wa watoto watatu, Machomane, Chake Chake

JIBU: Wa alaykumu ssalaam mwanangu. Tuanze na vya leo, daktari tutamfikia.

Oili chafu usimpake. Sungura hujilamba mwili mzima, kwa hiyo chochote utakachompaka juu ya ngozi kitaishia tumboni. Hali kadhalika dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, na yale matone ya viroboto wanayowekewa mbwa shingoni. Mengi ya matone hayo yana fipronili, na fipronili ni hatari kwa sungura hata kama mbwa na paka wanaivumilia.

Amoksilini ndiyo iliyonitisha zaidi. Majani anayokula sungura yanachachuka kwenye kifuko kikubwa nyuma ya utumbo, na wanaoifanya kazi hiyo ni bakteria wema. Penisilini na jamaa zake, yaani amoksilini na ampisilini, zikiingia kwa mdomo zinawaua wale wema, na wabaya wanabaki na uwanja wote. Sungura anaharisha, anaacha kula, na siku chache baadaye unamzika. Kapsuli hiyo hiyo mwanao aliyopewa hospitali akapona kikohozi, kwa sungura ni sumu. Ukishaitia kwenye maji, imwage.

Magamba usiyabandue, yanauma sana na chini yake kuna nyama mbichi. Huo ni ukurutu wa masikio, unaletwa na wadudu wadogo wanaoishi ndani ya sikio, na dawa yake ipo. Dawa ikishaingia, magamba huanguka yenyewe. Lakini jike naye lazima atibiwe hata kama masikio yake ni safi, kwa sababu wanalala pamoja. Tundu lisuguliwe kwa maji ya moto, lianikwe juani, na majani ya kulalia ya zamani yachomwe.

Sasa suali lako lenyewe. Daktari wa sungura peke yake usimtafute, utachoka bure. Mimi nilisomea chuo cha mifugo cha Mpwapwa na nimestaafu nikiwa bwana mifugo. Darasani tulikuwa na ng'ombe, kisha ng'ombe tena, halafu mbuzi na kuku. Sungura alipita haraka haraka, na alipopita alizungumzwa kama nyama. Daktari mwenyewe, yule aliyekaa miaka mitano SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, kasoma zaidi yetu sana, lakini akirudi huku wanaomgongea mlango ni wenye ng'ombe, mbuzi na kuku. Anaweza kukaa muda mrefu hajamshika sungura. Kwa hiyo unayemtafuta ni mtu atakayekubali kwamba sungura si ndama mdogo, na ambaye hatoona haya kufungua kitabu mbele yako au kumpigia simu mwenzake.

Mtu huyo utamjua kwa mizani.

Nikueleze kwa nini. Dawa ya ukurutu tunayotumia sana ni ivamektini ya sindano, na chupa iliyozoeleka ni ya asilimia moja, kila mililita ina miligramu 10. Ng'ombe hupigwa mililita moja kwa kila kilo 50. Sungura wetu wengi wa kienyeji wana kama kilo mbili. Fanya hesabu kwa kipimo hicho hicho: inatoka mililita 0.04. Ni tone. Vitabu vinaruhusu kwa sungura mpaka mara mbili ya hapo, bado ni tone. Kwa bomba la sindano la ng'ombe tone hilo halipimiki, utaishia kukisia, na mkono ukiteleza kidogo umeshampa mara kumi. Anayejua kazi yake atatoa bomba la insulini, lile la wagonjwa wa sukari, lenye mistari 100 ndani ya mililita moja. Hapo dozi ya sungura wako inakuwa kati ya mstari wa nne na wa nane. Na hawezi kujua asimamishe mstari gani kabla ya kumpima uzito. Mizani ya jikoni inatosha, muweke sungura ndani ya bakuli. Akija mtu akamtazama tu, akasema "huyu kidogo tu" huku anavuta dawa, mshukuru, mpe nauli yake, arudi. Na akimaliza bila kukutajia siku ya kurudia, jua hajamaliza: sindano ya pili huja baada ya siku kumi mpaka kumi na nne, kwa sababu mayai ya wadudu hayafi kwa ya kwanza.

Kisha mtazame anavyomshika. Masikio si mpini. Sungura mifupa yake ni myepesi na misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu ajabu, kwa hiyo akining'inia na kurusha mateke anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe, na hapo hakuna dawa. Mkono mmoja chini ya kifua, mwengine chini ya makalio, kisha anaegemezwa kifuani. Yule aliyekuja kwako, kwa hilo moja tu ningemkatia jina.

Jambo la tatu ni atakachokuuliza wewe. Bwana mifugo mzuri kabla hajafungua mkoba atakuuliza sungura anakula nini, amekula mara ya mwisho lini, na choo chake kikoje: vigololi vikubwa vikavu, au vidogo vidogo, au hamna kabisa. Asipouliza habari za choo, hajui sungura anakufa kwa nini. Tumbo la sungura halitakiwi kusimama. Akipitisha saa 12 bila kula wala kupata choo, hiyo ni dharura, usingoje kuche.

Nawe pia una lako la kumuuliza. Muulize hivi tu: "Dokta, sungura dawa gani hapewi?" Akitaja penisilini ya mdomo, umepata mtu. Akisema zote sawa, kinachobadilika ni kipimo tu, basi mtafute mwengine.

Kuhusu wapi pa kuanzia: nenda ofisi ya mifugo ya wilaya yako, au ofisi za kilimo na mifugo kule Weni, Wete, useme unataka daktari wa shahada, si lazima awe na kliniki. Waulize pia wafugaji wa sungura wenyewe, khasa vijana wanaofuga kwa biashara. Mtu mwenye majike ishirini keshajua nani kamsaidia na nani kamuulia. Huwa wanasema kweli zaidi ya ofisi yoyote.

Halafu fanya hivi, na hili ndilo nililowashauri wengi. Tafuta kliniki ya wanyama wa nyumbani mjini Unguja au Dar es Salaam inayopokea sungura, ujuane nao kwa simu sasa hivi, kabla hujapata mgonjwa mahututi. Siku ya haja, bwana mifugo wa Chake anakuwa mikono na yule wa ng'ambo anakuwa macho: mnapiga picha ya video, mnataja uzito na joto la mwili (la sungura mzima ni baina ya 38.5 na 40), yeye anataja dawa na kipimo, huyu wa hapa anadunga. Wengine watakwambia mpakie kwenye meli umpeleke. Sungura mgonjwa, ndani ya boksi, kwenye joto na makelele ya abiria? Wengi hawafiki. Kama ni lazima asafiri, basi iwe usiku au alfajiri, na tundu liwe na hewa pande zote.

Na ile habari ya kitoweo. Ni kweli sungura ni halali kuliwa, wala simlaumu anayefuga kwa kula. Lakini mtu ukimwita kutibu, kazi yake ni kutibu. Uamuzi wa kuchinja ni wa mwenye mali.

SUALI: Mzee, nilinunua sungura wawili Darajani, muuzaji akaniapia wote majike. Juzi mmoja kazaa sita. Nimeambiwa dume ahasiwe. Nitajuaje kama daktari anaiweza kazi hiyo?
Kijana wa Fuoni, Unguja

JIBU: Muuzaji huyo msamehe nusu, sungura wachanga hata mimi navaa miwani kuwatazama. Nusu nyengine mdai.

Usingoje daktari: mtoe dume leo hii. Jike akishazaa anaweza kushika mimba siku ile ile, na mimba ya sungura ni siku 31 hivi. Ukizubaa, mwezi ujao unaandika tena barua hapa.

Kwa upasuaji wewe uko mjini, una bahati. Anzia idara ya mifugo Maruhubi, au kliniki zinazohasi paka na mbwa, ambazo Unguja zipo. Lakini aliyezoea paka muulize masuali mawili. La kwanza: asile tangu saa ngapi? Paka na mbwa hufungishwa usiku ili wasitapike kwenye usingizi wa dawa. Sungura hawezi kutapika, hakuumbwa hivyo, na ukimfungisha ndio unalisimamisha lile tumbo. Jibu zuri ni kwamba ale mpaka karibu na kupasuliwa, na uje na majani yake anayoyapenda ili apewe mara tu akizinduka. La pili: njia ya korodani utaifunga? Kwa sungura njia hiyo inabaki wazi maisha yake yote, korodani hupanda na kushuka. Isipofungwa, utumbo unaweza kushukia hapo. Daktari aliyewahi kuifanya kazi hii atajibu bila kufikiri. Muulize na dawa ya maumivu, kwa sababu sungura anayeumwa hali chakula, na asiyekula umeshajua kinachofuata.

Akisharudi nyumbani usimchanganye na jike mara moja. Mbegu zilizobaki zinaweza kutungisha mimba kwa wiki nne mpaka sita. Na huyo jike, kama unamweka kwa mapenzi na hutaki kizazi tena, uliza habari ya kumtoa kizazi pia. Majike wasiotolewa kizazi wakikua umri wanapata sana saratani ya mfuko wa uzazi. Ila upasuaji wa jike ni mzito zaidi. Mwachie daktari aliyekwisha kufanya madume kadhaa, wako asiwe wa kujifunzia.

SUALI: Shikamoo. Meno ya mbele ya sungura wangu yamerefuka yakapinda, hawezi kufunga mdomo. Mtu wa mifugo kanambia nichukue koleo ya kucha niyakate mwenyewe. Nikate?
Mwanafunzi wa skuli, Mkoani, Pemba

JIBU: Marahaba. Usikate. Jino la sungura likibanwa na koleo hupasuka kwa urefu mpaka kwenye mzizi, na ufa huo unaingiza usaha kwenye taya. Linatakiwa lisagwe kwa mashine ndogo inayozunguka, ya aina ile aliyonayo daktari wa meno wa binadamu, naye sungura awe ametulizwa kwa dawa. Kwa hiyo unapopiga simu, usiulize kama wanatibu sungura. Uliza kama wana mashine ya kusaga meno.

Meno hayo hayaachi kukua, ya mbele huongezeka kama milimita mbili kwa wiki, kwa hiyo kusaga kutarudiwa kila baada ya wiki kadhaa. Kama taya limezaliwa limepinda, daktari anaweza kuyang'oa ya mbele moja kwa moja. Sungura anaishi vizuri bila hayo, ilimradi umkatie majani vipande vidogo. Amwangalie na magego ya ndani, maana mara nyingi ndiko kwenye ugonjwa wenyewe, na sungura anayelishwa pumba na mkate ndiye anayeongoza kwa hilo. Mpe ukoka na mabingobingo kutwa nzima, pumba iwe kidogo tu. Mpaka umpate daktari, mpondee majani laini, na mpime uzito kila siku mbili uandike. Akianza kupungua, mwambie mzee wako siku hiyo hiyo, msingoje mwisho wa wiki. Na huyo usimzalishe, taya la kupinda hurithiwa.