Maswali ya wasomaji: Dunia pepe katika chumba cha kompyuta

Shule yetu ina kompyuta 20 za zamani na intaneti ya kubahatisha. Nasikia kuna walimu wanaofundisha ndani ya dunia ya mchezo ambamo darasa zima linaingia pamoja. Je, nasi tunaweza, bila kulipia leseni? (Mwalimu wa Hisabati, Singida)

Mnaweza. Tumieni Luanti, programu huria ya bure ambayo hadi 2024 ilijulikana kama Minetest. Dunia yake imejengwa kwa matofali ya mita 1 kila upande, na haihitaji intaneti mkishaipakua.

Hapo kwenye kupakua ndipo wengi wanapokwama. Matoleo ya karibuni huja bila mchezo wowote ndani. Mtu anaibeba programu kwenye flashi, anafika shuleni, anaifungua na kukuta hamna cha kucheza. Kwa hiyo mkiwa bado mahali penye intaneti, ingieni ndani ya programu yenyewe na kupakua mchezo uitwao Minetest Game. Kisha nakilini folda nzima kwenye kila kompyuta. Toleo la zip la Windows halihitaji kusakinishwa. Matoleo yafanane kote.

Kompyuta yenye nguvu kuliko zote iwe seva, yaani ile inayobeba dunia na ambayo nyingine zote zitaunganishwa nayo. Unganisheni kwa waya na swichi ya mtandao (kisanduku kinachokutanisha waya za kompyuta), maana Wi-Fi ya ruta ndogo huelemewa na darasa zima. Swichi peke yake haigawi anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kila kompyuta kwenye mtandao: ama wekeni ruta hata kama haina intaneti, ama mwandike anwani kwa mkono, 192.168.1.1 kwa seva na zinazofuata kwa wanafunzi.

Kwenye seva, tengeneza dunia mpya ya aina ya flat, yaani tambarare, ili kipindi kisiishie kwenye kupanda milima. Ondoa alama kwenye Enable Damage, weka kwenye Creative Mode na Host Server. Windows ikiuliza kama programu iruhusiwe kwenye mtandao, kubali. Ukikataa, wanafunzi watasubiri mpaka muunganisho ukatike, kwa sababu fayawoli, yaani ulinzi wa mtandao wa Windows, imefunga lango namba 30000 la UDP ambalo Luanti hupitia.

Majina ya kuingilia hayapokei nafasi wala alama za ajabu. Mpe kila mmoja jina la namba, mfano F1A_07. Waingie watano watano. Mara ya kwanza seva humtumia kila mmoja picha na sauti zote, na wakiingia kwa mkupuo itaganda.

Mambo mawili madogo yanayovuruga kipindi. Siku nzima ya humo huchukua dakika 20, hivyo katika kipindi cha dakika 40 giza litawaingilia mara mbili. Bonyeza T, andika /time 12:00, kisha /set time_speed 0. La pili ni kitufe cha R: huondoa kikomo cha umbali wa kuona, na kompyuta ya zamani inaanza kukokota. Akilalamika mmoja, mwambie akibonyeze tena.

Anayechafua maongezi, /revoke F1A_07 shout humnyamazisha. Anayebomoa kazi za wenzake, weka interact badala ya shout. Ataona kila kitu bila kugusa.

Wanafunzi wanafurahi, lakini kipindi kikiisha sioni hesabu iliyofundishwa. Nifanyeje? (Mwalimu, Machakos)

Mwalimu, "jengeni mnachotaka" si somo. Dunia hii inafaa mada ambazo umbo na nafasi ndiyo mada yenyewe: ujazo, skeli ya ramani, kontua, namba hasi. Vipeo na wastani viacheni ubaoni.

Jaribu hili. Tangi lisilo na kifuniko, ndani urefu mita 5, upana 4, kina 3. Ukuta na sakafu unene wa tofali moja. Kabla ya kushika kipanya, kila mmoja aandike daftarini litatumia matofali mangapi. Wengi wataandika 60. Hiyo ni nafasi ya ndani, sawa na lita 60,000, kwa kuwa tofali moja ni lita 1,000. Kwa nje tangi ni 7 × 6 × 4, yaani 168. Ukitoa 60 yanabaki 108.

Sasa ondoa Creative Mode, ambamo vifaa haviishi, na umgawie kila mmoja idadi aliyoandika. Aliyeandika 108 mpe /give F1A_07 default:wood 99, kisha 9, maana fungu moja halizidi 99. Gawa mbao: jiwe halivunjiki kwa mkono mtupu, na udongo watauchimba chini wajiongezee. Mwenye 60 atakwama kabla ukuta haujafika juu, na hapo ndipo ataanza kuuliza maswali yenye maana.

Msijaze tangi kwa maji. Maji ya humo hayapungui, na chemchemi mbili zikikaribiana huzaa ya tatu. Jazeni kwa sufi ya buluu.

F5 huonyesha mahali ulipo kwa namba tatu. Waonye mapema kwamba Y ni kimo; X inaongezeka kuelekea mashariki na Z kaskazini. Waliozoea grafu ya daftarini watapotea.

Wanachuo wangu wako mikoa tofauti. Second Life inafaa? (Mkufunzi, Dodoma)

Second Life ni dunia pepe ya mtandaoni ambamo chuo hulipia ardhi yake, hivyo inafaa kama bajeti ya ardhi hiyo ni ya uhakika. Mwaka 2011 kampuni yake, Linden Lab, iliondoa punguzo la vyuo. Lilirudishwa 2013, lakini taasisi nyingi zilikuwa zimehamia OpenSimulator, ambayo ni huria na unaiendesha kwenye seva yako. Eneo moja la kawaida ni mita 256 kwa 256. Amri ya save oar huhifadhi eneo lote katika faili moja. Ifanye kila baada ya kujenga. Maongezi ya sauti huwekwa kwa programu ya pekee, na ni kazi.

Binti yangu anataka kuendelea na Luanti nyumbani. Atakutana na watu asiowajua? (Mzazi, Tanga)

Akicheza peke yake au kwenye seva ya nyumbani, hapana. Akichagua seva kutoka orodha ya umma, ndiyo, na yeyote aliyemo anaweza kumwandikia. Mwekee dunia yake mwenyewe, na kisanduku cha Announce Server, kinachoitangaza seva kwenye orodha hiyo, kibaki kitupu.