Nani anaweza kusema matofali haya yarudi?

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: kwenye miji yetu midogo, miradi ya umma isimamiwe na nani, wataalamu wa halmashauri au kamati za wananchi? Jibu langu la haraka ni wananchi. Nalitoa nikiwa na uchungu, kwa sababu naishi kwenye mji ambao wananchi tulitolewa kwenye usimamizi huku tukipiga vigelegele.

Wanaoishi kwenye mamlaka za miji midogo wananielewa. Zamani tulikuwa kijiji. Kwa ile Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ya mamlaka za wilaya, kijiji ni mtu kisheria: kina halmashauri yake, kinaweza kuwa na mali, kushtaki na kushtakiwa, na mkutano mkuu wa wanakijiji ndio wenye sauti ya juu. Mapato na matumizi yalisomwa. Yalichelewa, yalizua ugomvi, kuna mikutano iliyovunjika kabla ya kufika kwenye fedha, lakini yalisomwa na karatasi ilibandikwa pale ofisini. Kisha tukapandishwa hadhi. Kijiji kikafutwa, vikabaki vitongoji, na kitongoji hakina nguvu ile. Mwenyekiti wa kitongoji ana muhuri wa barua ya utambulisho na ana kiti kwenye vikao vya mji mdogo, basi. Mji mdogo wenyewe uko chini ya halmashauri ya wilaya, na wilaya haiko hapa.

Ongezeni na haya. Tangu mwaka 2017 barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Diwani anaweza kuuliza na kupendekeza, lakini mkandarasi si wake wala bajeti si yake. Sheria ya maji ya mwaka 2019 ikaleta RUWASA, wakala mwingine wa serikali, kwa maji ya vijijini. Sisemi mabadiliko hayo yalikuwa mabaya. Nasema tu kwamba kila kitu tulichokuwa tunakilalamikia kwa mtu tunayekutana naye sokoni, leo tunakilalamikia kwa taasisi yenye ofisi wilayani. Kwa hiyo mnapouliza nani asimamie, mtu wa mji mdogo anasikia swali jingine: nani kati yetu anaweza kusimama mbele ya lori na kusema mzigo huu haushuki? Nitajibu hilo.

Mwishoni mwa mwaka 2021 zilikuja fedha za mpango wa UVIKO-19, zile za mkopo wa IMF, shilingi trilioni 1.3. Nchi nzima yalitakiwa madarasa 15,000, kila darasa kwa shilingi milioni 20, wanafunzi wa Januari wayakute. Sekondari yetu ya kata ilipata. Utaratibu ulikuwa wa kutumia mafundi wa mahali hapo badala ya mkandarasi, pamoja na kamati tatu ambazo kila mzazi aliyewahi kuitwa shuleni anazijua: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mimi niliwekwa kwenye mapokezi. Kazi ya kamati hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Mzigo ukifika mnahesabu, mnakagua kama unalingana na makadirio, mnasaini. Bila saini zenu muuzaji halipwi.

Nondo zilikuja, tukazipima kipenyo, zilikuwa sawa. Saruji ilikuja, tukahesabu mifuko. Kisha yakaja matofali ya inchi sita, lori limejaa, jua la saa nane, na vijana wa kushusha wanataka kuwahi tripu nyingine.

Kwenye kamati yetu kulikuwa na mama mmoja anayefyatua matofali uani kwake. Amesomesha watoto kwa kazi hiyo. Hakuhesabu. Alichukua tofali moja, akalikwangua kwa kidole gumba, mchanga ukamwagika kama wa kichuguu. Akaliinua hadi usawa wa goti, akaliachia. Likagawanyika vipande vitatu. Akachukua la pili kutoka upande mwingine wa lori, halafu la tatu. Hakuna lililobaki zima. Akawauliza wale vijana, "Wanangu, haya yamefyatuliwa lini, na yamemwagiliwa siku ngapi?" Wakaangaliana. Akauliza mfuko mmoja wa saruji umetoa matofali mangapi, hawakujibu pia.

Nilijifunza mengi kwake siku ile. Mfuko mmoja ukitoa matofali 30 na kitu ya inchi sita, kazi inaeleweka. Ukivutwa hadi 50, hapo tofali limebaki umbo tu. Na hata ukichanganya vizuri, saruji haikauki ikawa ngumu kwa sababu ya jua. Inahitaji maji. Siku saba za kumwagilia ndizo zinazolipatia zege sehemu kubwa ya nguvu yake, na nguvu kamili huhesabiwa kwa siku 28. Yale matofali yalikuwa na siku chache mno tangu yatoke kwenye kibao, tena kiangazi, mwezi ambao ndoo ya maji inagombewa. Aliyeyafyatua aliona bora maji akauze.

Mama akasema hayapokelewi.

Muuzaji akafika mwenyewe. Ni mzee wetu, mtu wa watu. Msiba ukitokea lori lake ndilo linalobeba viti na maturubai, na hajawahi kudai hata mafuta. Baba yangu alipofariki lilibeba mwili kutoka hospitali. Hakutukana, hakutisha. Alisema tu, kwa upole, "Jamani, leo mimi ndio wa kurudishiwa mzigo mbele ya watoto?" Kimya kikaingia. Mkuu wa shule anatazama chini, kwa sababu yeye ndiye anayepigiwa simu kila jioni kuulizwa ukuta umefika wapi. Mtu wa ofisi ya mtendaji akasema tarehe ni tarehe, kamati isije ikaandikwa kuwa ndiyo iliyokwamisha mradi. Mjumbe mmoja akasema matofali yakipigwa lipu nani atajua. Mwingine akasema tuyapokee, tuyatumie juu ya madirisha.

Hati ya mzigo ikaanza kuzunguka. Wajumbe watatu wakasaini. Mimi na mama hatukusaini, na kwa saini tatu mzigo ukawa umepita. Sikuwalaumu wale watatu na siwalaumu leo. Mmoja anadaiwa dukani kwa yule mzee. Mwingine ni shemeji yake. Wa tatu alikuwa anatarajia lori siku ya harusi ya binti yake. Walijua kabisa kwamba yale si matofali. Tofali la kwanza lilipopasuka, wote tuliona.

Aliyeyarudisha ni fundi sanifu wa halmashauri. Kijana mgeni, kwao mbali, mji wetu anaupitia kwa kazi tu. Siku alipokuja kuseti msingi alikuwa ameandika namba yake ya simu kwa kalamu kwenye ukurasa wa kwanza wa makadirio, na mama alikuwa na nakala. Alimpigia usiku ule ule. Kesho yake jioni akaja kwa bodaboda, maana gari la idara ya ujenzi lilikuwa kwenye kata nyingine. Akafanya vilevile alivyofanya mama: akakwangua, akainua, akaachia. Akafungua daftari la mradi, akaandika kwamba matofali hayo yasiingie kwenye ukuta na yaondolewe eneo la kazi, akasaini.

Mzee akamwuliza, "Kijana, wewe unanifahamu mimi?"

Akajibu, "Shikamoo mzee. Sikufahamu."

Lori likapakiwa tena. Yakaja mengine, mazito, ya kijivu, na madarasa yakaisha wanafunzi wakaingia. Fundi sanifu alipanda bodaboda yake akaondoka, na hakuna alichopoteza. Mama alipoteza. Mchanga wake wa kufyatulia ulikuwa unaletwa na lori lile kwa mkopo, analipa akiuza. Mkopo ule ulikoma. Hakuna aliyetangaza kwamba ameadhibiwa, lori tu likawa na safari nyingi kila akipiga simu. Mpaka leo ananunua mchanga kwa fedha taslimu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kisa hiki kithibitishe kwamba mwananchi anajua. Na kinathibitisha: mama asiye na cheti aliona kwa kidole gumba kile ambacho mtaalamu alikiona kesho yake. Lakini nikikisoma tena naona kinathibitisha na jambo jingine nisilolipenda. Kamati ya wananchi ilijua, ikapokea. Watu tunaozikana hatuwezi kurudishiana lori, au tukiweza, gharama inamwangukia mmoja wetu kwa miaka, na mara nyingi ni yule asiye na lori. Nimewasikia wengi wakisema kamati zinahitaji mafunzo. Sisi hatukukosa mafunzo. Tulikosa mtu asiyemfahamu mzee.

Kwa hiyo sasa nasema, na sikudhani ningesema: mwenye mamlaka ya kukataa mzigo awe mtaalamu wa halmashauri, na awe mgeni.

Lakini mgeni wa namna gani? Wako wageni wengi wanaotusimamia. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anamkabidhi Rais ripoti yake kila mwaka kufikia mwisho wa Machi, kisha inakwenda bungeni, na kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa inawaita wakurugenzi kujieleza. Naiheshimu kazi hiyo na huwa nasoma kurasa za wilaya yetu. Ila halmashauri kupata hati inayoridhisha maana yake hesabu zimeandaliwa inavyopasa. Haisemi kwamba ukuta hauwezi kukwanguliwa kwa kidole. Na ripoti inafika wakati lipu imeshakauka. Kuna pia Mwenge wa Uhuru. Kiongozi wa mbio anafungua mafaili, anauliza risiti, na kila mwaka tunasikia mahali fulani amekataa kuzindua mradi. Nafurahi anapokataa. Lakini tarehe yake inajulikana mapema, na kila mji mdogo unajua jinsi greda linavyopita wiki ya mwisho kwenye njia atakayopita na si kwenye nyingine. Hao ni wageni wanaoweza kukataa ila hawakuwapo lori lilipofika.

Fundi sanifu yule alifaa kwa sababu alipigiwa simu na mtu aliyekuwapo. Ondoa nakala ya makadirio mkononi mwa mama, ondoa namba ya simu, na yeye angekuja wiki mbili baadaye akakuta ukuta umefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Ndiyo maana nikisema mtaalamu asimamie, siungi mkono wale wanaotaka kamati zifutwe kwa hoja kwamba zinachelewesha. Kamati ibaki na macho, ibaki na karatasi, ibaki na haki ya kupiga simu. Isibebeshwe peke yake saini ya kumkatalia jirani. Na aliyepiga simu asitajwe kwenye daftari.

Natambua udhaifu wa jibu langu. Fundi sanifu mmoja anazunguka kata nyingi, na yule wetu hakuonekana tena mpaka paa lilipokuwa limeshapigwa. Kama halmashauri haiwezi kumpa hata pikipiki, basi nilichoandika hapa juu hakina maana na tutarudi kwenye saini tatu za haraka. Mgeni naye anaweza kuzoeleka. Akikaa miaka mitano, akaoa hapa, akazika hapa, lori litambebea na yeye viti. Sijui kama ni haki kutaka mtumishi ahamishwe kila anapoanza kupendwa, lakini nimelifikiria.

Sasa hivi tunajengewa mtaro wa stendi. Bango la mradi limesimama, lina jina la mradi na muda wa kukamilika, makadirio hatujaonyeshwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwombaji majibu ndani ya siku 30, hivyo nimeomba kwa maandishi makadirio ya mtaro pamoja na jina na simu ya mtaalamu anayeukagua. Barua iko kwa mtendaji wa mji mdogo. Mama alitaka kusaini pamoja nami, nikamwomba asisaini.