Kura ilipita, askari wakabaki

SWALI: Shikamoo Mzee. Nafundisha Uraia kidato cha nne hapa Mpwapwa. Niliwaambia wanafunzi kuwa mwaka 2007 Bunge la Marekani lilipitisha muswada wa kuwaondoa askari Iraq, na bado vita vikaendelea. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Sasa wabunge hao kazi yao nini?" Darasa likaangua kicheko. Nimjibu nini? Na kwetu je, Bunge likitaka askari warudi, linaweza?
Mwalimu, Mpwapwa

JIBU: Marahaba, mwalimu. Binti huyo kauliza vizuri kuliko maswali mengi ya nyongeza niliyoyasikia nikiwa jukwaa la waandishi pale bungeni.

Muswada ule ulibeba fedha za vita, zaidi ya dola bilioni 120, na ndani yake tarehe: askari waanze kuondoka kabla ya 1 Oktoba 2007 kupita. Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 218 kwa 208, Seneti 51 kwa 46. Hapa Dodoma Spika angesema "nadhani walioafiki wameshinda", watu wakaenda kula. Kule, tarehe 1 Mei, Rais George W. Bush akagoma kusaini, na mgomo wa Rais huvunjwa na theluthi mbili ya kila baraza. Kesho yake Wawakilishi wakajaribu, wakapata 222 kwa 203. Zilitakiwa 284. Mwezi haujaisha, fedha zikapitishwa bila tarehe, Bush akasaini.

Hapo ndipo penye kiini. Unajua wabunge wetu kwenye Kamati ya Matumizi, Bunge linapopitia bajeti ya wizara fungu kwa fungu, "wanavyoshika shilingi" ya mshahara wa waziri, yaani kuuzuia mpaka awajibu? Waziri anasimama, anajieleza, anaahidi, na mara nyingi shilingi inarudishwa kabla ya saa ya kuahirisha. Wenzetu wana shilingi nzito zaidi: Katiba yao inasema fedha haitoki Hazina bila sheria. Kuinyima vita fedha hakuhitaji saini ya Rais. Wabunge wasipoipitisha, haipo. Lakini mbunge akifanya hivyo, jimboni ataulizwa kwa nini kawanyima vijana risasi wakiwa vitani. Swali hilo wanaliogopa kuliko Rais. Kwa hiyo nao shilingi wameirudisha.

Tazama historia. Mwaka 1970 Maseneta McGovern na Hatfield walitaka sheria yenye tarehe ya kutoka Vietnam. Seneti ikaikataa, 55 kwa 39. Fedha zilipokuja kukatwa, kuanzia 15 Agosti 1973, vikosi vya mapigano vilishaondoka tangu Machi; kilichokoma ni mabomu ya Marekani kule Kambodia. Somalia, baada ya Wamarekani 18 kuuawa Mogadishu Oktoba 1993, Rais Clinton alitangaza mwisho wa askari wake kukaa huko kuwa 31 Machi 1994, ndipo Bunge likaiandika tarehe hiyohiyo kwenye sheria ya fedha. Hata Iraq, tarehe iliyotimia ilitokana na mkataba wa 2008 kati ya serikali ya Bush mwenyewe na ya Iraq, na wa mwisho walitoka Desemba 2011. Kwa maoni yangu, sheria za namna hii hufika askari akiwa ameshafunga begi. Faida yake ni kumzuia Rais asimrudishe vitani, na hiyo si faida ndogo.

Kwetu, ibara ya 44 ya Katiba inampa Rais kutangaza vita, kisha Spika analiitisha Bunge ndani ya siku 14 liamue kuunga mkono au la. Ya kuwarudisha askari, ibara hiyo imekaa kimya. Halafu walinda amani wetu waliopelekwa Kongo mwaka 2013 hawakwenda kwa tangazo la vita, walikwenda chini ya Umoja wa Mataifa.

Bunge likitunga sheria, Rais akaikataa? Ibara ya 97: ikirudishwa kwake ndani ya miezi sita kwa theluthi mbili ya wabunge wote, ana siku 21 za kusaini, la sivyo alivunje Bunge. Yaani mbunge mkaidi anaweza kurudi jimboni kuomba kura kabla askari hajarudi kambini! Na wakigoma kupitisha bajeti, ibara ya 90 nayo inamruhusu Rais kulivunja.

Mwambie binti kwamba kazi wanayo, na kifaa wanacho. Wakati wa bajeti omba kibali uwalete jukwaa la wageni, siku ya Wizara ya Ulinzi, wahesabu wenyewe ni shilingi ngapi zitashikwa.