Valvu Zinagonga: Nipime Nini Kabla ya Kununua Hedi Nyingine?

SWALI: Ninaendesha teksi aina ya Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, ambayo kwa mwaka mmoja sasa inatumia gesi asilia. Juu ya injini pana mlio wa kugongagonga, na fundi wangu ananishauri ninunue silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu) iliyotumika. Je, nawezaje kujua kilichochakaa kabla sijatoa fedha? (Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam)

JIBU: Anza na kijiti cha oili. Mlio unaosikika kwa sekunde chache tu baada ya kuwasha gari mara nyingi hutokana na oili iliyopungua, au na kikaza cheni kinachosubiri oili ipande. Usipokoma, mwombe fundi afungue kifuniko cha valvu injini ikiwa imepoa kabisa, azungushe krenki (mhimili mkuu wa injini) kwa spana, na kila nundu ya kemshafti (mhimili unaosukuma valvu zifunguke) inapokuwa imeipa mgongo tapeti yake (kikombe kidogo kilicho kati ya nundu na valvu), apime nafasi iliyo kati yake na tapeti kwa fila geji (vibapa vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi). Katika injini yako nafasi hiyo inatakiwa iwe milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za kuingiza hewa, na 0.25 hadi 0.35 kwa valvu za kutoa moshi. Vipimo vyote 16 viandikwe, kwani nimeona mafundi wazuri wakivichanganya kwa kutegemea kichwa.

Nafasi iliyopanuka ndiyo hugonga, na huashiria kuwa nundu au tapeti imelika. Pitisha ukucha juu ya nundu, na ukikwama kwenye mikwaruzo au vishimo, hiyo imekwisha. Hata hivyo, kwa gari la gesi mimi ningehofia zaidi nafasi iliyobana. Gesi huingia ikiwa kavu, haipozi wala kulainisha valvu kama petroli, hivyo siti, yaani pete ambayo valvu huikalia inapofunga, huchimbika polepole, valvu ikazama ndani ya hedi na shina lake likapanda kuelekea kwenye nundu. Nafasi ikiisha, valvu haifungi sawasawa, hukosa siti ya kupitishia joto, na kingo zake huungua bila mlio wowote, huku dereva akiisifu injini kwa utulivu wake.

Ikibidi hedi ishushwe, kila tapeti iwekewe alama ili irudi mahali pake. Shina la valvu lipimwe kwa maikromita juu, katikati na chini. Uwazi kati yake na gaidi (bomba dogo linaloongoza shina) ukizidi milimita 0.08 upande wa hewa, au 0.10 upande wa moshi, kimojawapo kibadilishwe.

Tapeti za injini hii hazina shimu (visahani vya kurekebishia nafasi): nafasi hurekebishwa kwa kuweka tapeti yenye unene mwingine. Ikiwa siti ni nzima na vipimo viwili au vitatu tu ndivyo vimetoka nje ya kiwango, utanunua tapeti hizo tu. Hedi iliyotumika, ukiamua kuinunua, ipimwe vivyo hivyo kabla hujailipia.