Nguo za watu saba: usizifue zote Jumamosi

Dada yangu, umeuliza ufanyeje na rundo la nguo za watu saba linalokungoja kila Jumamosi, ilhali maji ya bomba kwenu hutoka siku mbili tu kwa juma. Nakusihi uache kufua zote kwa siku moja, kwani mgongo wako hautavumilia. Sare za shule zifuliwe jioni ileile zinapovuliwa, na mtoto aliyefikisha miaka 10 afue shati na soksi zake mwenyewe. Ile kola nyeupe yenye mstari wa jasho na vumbi ipakwe sabuni ya kipande, iachwe dakika 20 ndipo isuguliwe, nayo itatakata bila kuchakaa. Mashuka yasubiri siku ya maji. Khanga mpya zitenge, maana huchuja rangi. Maji ya suuza ya mwisho yadekie sakafu. Nguo zilizoanikwa nje, hasa nepi na chupi, zipigwe pasi hata kwenye mishono, kwa sababu yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini. Jambo hili, dada, usilipuuze hata siku moja.