Nimealikwa futari, nami natumia mkono wa kushoto

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu, kwetu Mbeya, nimehamishiwa Pangani mwaka huu. Mzee niliyepanga kwake amenialika kufuturu naye Ijumaa. Mimi ni Mkristo, sijafunga, wala sijawahi kula na watu sinia moja. Isitoshe, tangu utotoni nakula kwa mkono wa kushoto. Nikiomba kijiko nitaonekana najidai? Na nitajuaje pa kugusa na pa kuacha?
Mwalimu mgeni, Pangani

Marahaba mwanangu, na karibu kwetu. Mwaliko huo usiukatae. Mzee anayemwita mpangaji wake kwenye futari amekwisha kumhesabu mtu wa nyumbani, na dini yako anaijua.

Nianze na mkono, maana naona ndio unaokunyima usingizi. Huku pwani mkono wa kushoto ndio wa kutawazia, yaani kujisafishia chooni. Ukiutia kwenye sinia la watu watano hakuna atakayekusema, ila utaona wenzio wanaacha kula mmoja mmoja. Kwa Waislamu ni mafundisho pia. Omar bin Abi Salama alikuwa mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume Muhammad, na wakati wa kula mkono wake ulikuwa ukizunguka chombo kizima. Mtume akamfundisha amtaje Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Watoto wetu huyajua hayo kabla hawajajua kusoma. Basi mwambie mzee mapema, mchana, mkiwa wawili tu: "Mzee, mimi ni mtu wa kushoto, naomba siku hiyo nipate kijiko." Kijiko hicho ukishike kwa mkono wa kulia, na uanze mazoezi leo hii. Hapo hakuna kujidai. Mwenyeji muungwana hufurahi kuambiwa kabla, kuliko kukuona unahangaika mbele ya watu.

Siku yenyewe fika kabla ya adhana ya Magharibi, na pakiti ya tende mkononi. Usionje kitu kabla ya adhana, hata ukiambiwa "wewe kula tu, mwalimu". Watafungua kwa tende na maji, pengine na uji wa pilipili manga, kisha watainuka kuswali. Wewe kaa busatini uwasubiri, hawakawii.

Ndipo atakapokuja kijana na birika na beseni. Huanzia kwa mkubwa. Zamu yako ikifika weka mikono yote juu ya beseni akumiminie, na usikung'ute maji yakawarukia wenzio.

Sasa sinia. Mihogo ya nazi, magimbi, ndizi mbichi, wali, chochote kitakachopakuliwa, upande ulio mbele ya goti lako ndio wako. Katikati, alipolazwa samaki, si pako, hata kama ndipo macho yanapokwenda. Marehemu baba yangu alikuwa akimnyofoa nguru kwa vidole vitatu, anatoa miba, halafu anausukuma mnofu taratibu mpaka mbele ya mgeni, bila kusema neno. Mzee wako naye atakusogezea. Kikikufikia kipande, usikirudishe kwa haya. Kile! Usipindue chakula kutafuta kizuri cha chini, wala usikipulizie kikiwa cha moto. Anza na cha ukingoni, ndicho kinachopoa kwanza. Miba iweke kwako. Simu ibaki mfukoni.

Linalowashinda wageni wengi ni kumaliza, na hapa nakuomba sana unisikilize. Wenzio wana njaa tangu alfajiri, wewe mchana umekula. Utashiba kabla yao. Mgeni akiinua mkono mapema, wenyeji huona haya kuendelea, wakaondoka kwenye futari yao wenyewe na njaa. Kwa hiyo ukihisi unashiba, punguza mwendo: nyofoa chapati kidogo kidogo, uliza habari za shamba, za bahari. Baba alikuwa akidonoa punje za wali mpaka mtoto wa mwisho ashibe, na sisi tulidhani hashibi. Wakikwambia "ongeza", ongeza kidogo mara moja. Mara ya pili sema "nimeshiba, Mungu awazidishie", lakini usiinuke mkubwa bado anakula.

Mkishanawa huenda ikaja kahawa chungu. Inywe hapo hapo, usikimbilie mlango. Adhana ya Isha ikilia wao wataelekea msikitini kwa tarawehe, sala ya usiku ya Ramadhani, nawe ndipo uage. Kama mama aliyepika hukumwona, mwambie mzee amfikishie ahsante yako, na utaje chakula kilichokupendeza.