Fundisheni Kiingereza kweli, na semeni wazi kwamba nyie ni kanisa

Bwana Yesu asifiwe mhariri na wasomaji wote. Wiki hii mmeuliza kama ni sawa kanisa kufundisha wageni Kiingereza kwa lengo la kuwaleta kwa Yesu. Mi nasema ni sawa kabisa, mradi Kiingereza chenyewe kifundishwe kweli na mtu ajue toka siku ya kwanza kwamba hapa ni kanisani na tunaamini nini. Naongea kama mtu aliyepita huko, mi ni wa Fizi kule Kongo, nikapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu pale Kasulu, Tanzania, sasa niko Iowa huku Marekani na jioni nasaidia darasa la Kiingereza kwenye kanisa la Wamarekani.

Wengi hawajui sisi wakimbizi tulipofika huku, kabla Marekani haijasimamisha yale mapokezi ya kawaida mwaka 2025, tulikutana na nini. Shirika lilikuwa linakupokea, na mengi ya hayo mashirika ni ya Kikristo, kama Church World Service au World Relief, lakini ile huduma ya mwanzo ya mapokezi ilikuwa siku 90 tu, na ndani ya hizo siku upate nyumba, watoto waingie shule, wewe uanze kazi, na kazi yenyewe mara nyingi ni kiwanda cha nyama shifti ya usiku kwa sababu kisu unaweza kukishika hata bila Kiingereza. Halafu barua zinaanza kuingia, ya shule, ya hospitali, ya mwenye nyumba, na mtoto wa darasa la nne ndo anageuka mkalimani wa mama yake mpaka ndani kwa daktari, anasikia mambo ya mwili wa mama yake ambayo hakutakiwa ayasikie. Hii inaniuma sana jamani. Na wazee ndo zaidi, uraia unaombwa baada ya miaka 5 na interviyu ni kwa Kiingereza, ukiacha wenye ugonjwa wa kuwazuia kujifunza, kusamehewa hicho Kiingereza ni uwe na miaka 50 na umekaa na grinikadi (kadi ya ukaaji wa kudumu) miaka 20, au miaka 55 na grinikadi miaka 15. Sasa mzee aliyefika na miaka 60 asubiri mpaka lini?

Kwa hiyo kanisa likifungua chumba chake jioni, likapata walimu wa kujitolea, likaweka mtu wa kukaa na watoto na gari la kuwapitia akina mama (bila hivyo viwili darasa linakufa, nimeona), hapo kanisa linafanya kazi ya Yesu kweli, wala silionei aibu.

Ninachokataa ni kuficha. Kuna darasa nilishakaa, kanisa silitaji, tangazo lilisema masomo ya Kiingereza bure, basi. Tumefika, salamu kidogo, majina ya matunda kidogo, muda wote uliobaki mahubiri. Kulikuwa na mama wa Kisomali alitaka tu ajue kupiga simu shuleni kusema mtoto wake anaumwa, hakufundishwa hiyo simu na hakurudi tena, na mi naona alikuwa na haki. Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho kwamba yeye na wenzake hawaenendi kwa hila. Hata serikali ya Marekani, ukipokea pesa yake moja kwa moja kwa masomo kama haya inataka ibada iwe muda mwingine au mahali pengine na mtu aje kwa hiari. Makanisa mengi hayatumii hiyo pesa kwa hiyo hayabanwi, lakini mi naona tuifuate tu maana ni haki.

Alafu kuna hili, sisi Wakongo wengi tumekuja tayari tumeokoka, tena na kwaya zetu na wachungaji wetu, mwaka 2016 peke yake Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, na wengi wao ni watu wa kanisa. Unakuta kijana mwalimu anamuuliza mama wa miaka 70 taratibu kama amewahi kusikia habari za Yesu, na yule mama amefunga na kuomba kambini toka huyo mwalimu hajazaliwa. Naomba walimu waulize kwanza huyu ni nani.

Na wakijua ni nani, Biblia inasaidia sana hata kufundisha. Mama zetu wengi kusoma wamejifunzia kwenye Biblia ya Kiswahili na kitabu cha nyimbo, Zaburi ya 23 wanayo kichwani, kwa hiyo ukimpa ile ile kwa Kiingereza chepesi cha siku hizi maana anayo tayari, anapambana na matamshi tu, kwa sababu yeye amezoea herufi inasomwa kama ilivyoandikwa na Kiingereza hakiko hivyo. Ila tafadhali si ile tafsiri ya zamani ya mwaka 1611, hakuna bosi wa kiwanda anaongea vile.

Mmishonari Frank Laubach alipokuwa kwa Wamaranao kule Ufilipino miaka ya 1930, watu Waislamu, alifundisha kusoma kwa lugha yao wenyewe, na pesa ilipoisha kila aliyejua akamfundisha mwenzake. Na huku tufanye hivyo, Mkongo aliyeshika Kiingereza kidogo akae pembeni ya mgeni, aeleze kwa Kiswahili mwalimu anaposhindwa.

Wachungaji mnaotaka kuanza, bandikeni tangazo kwa Kiswahili na Kiingereza, liandikwe jina la kanisa juu, somo saa kumi na mbili mpaka saa moja na nusu, maombi baada ya hapo kwa anayetaka kubaki, na gari la kurudisha watu liondoke mara mbili ili asiyebaki asikae kusubiri.